Daftari la Mstaafu wa Kipsongo

Wahenga walinena kwamba penye wazee haliharibiki neno. Kwa methali hiyo ndipo nilipoanzia pendekezo langu la utafiti wa shahada ya uzamili, na kwa methali hiyo hiyo ndipo msimamizi wangu aliponisimamisha. Mada yangu ilikuwa taswira ya mzee katika riwaya ya Kiswahili. Msimamizi alifunua kurasa mbili tatu, akavua miwani, akaniuliza mbele ya wenzangu: "Huyu mzee wako, asubuhi akiamka hufanya nini?"

Sikuwa na jibu. Riwaya nilikuwa nimezisoma, tena si haba, na wazee nilikuwa nimekutana nao tele: wanaoshauri, wanaolaani, wanaorithisha mali na wanaokufa ili kisa kipate kusonga mbele. Hata babu wa *Babu Alipofufuka*, riwaya ya Said Ahmed Mohamed iliyotoka mwaka wa 2001, hana haja ya kuamka asubuhi, kwa kuwa keshakufa. Anatoka kaburini kuja kumsuta mjukuu wake. Mzee anayetafuta miwani yake, ilhali imo mfukoni, sikuwa nimekutana naye vitabuni. Huyo nilikuwa nimemwacha nyumbani.

Basi mwezi wa Januari 2024 nilifunga virago nikarudi Kipsongo kuandika sura ya pili. Nisimdanganye msomaji: kodi ya chumba karibu na chuo ilikuwa imenishinda, na kwa Babu na Nyanya hakuna anayedai kodi.

Asiyekijua Kipsongo na akijue. Ni mtaa wa mabanda pembezoni mwa mji wa Kitale, Kaunti ya Trans Nzoia, ambao watu wa mipango ya miji hupenda kuutaja pamoja na Tuwani na Shimo la Tewa kila wanapozungumzia makazi duni ya mji huo. Wakazi wake wengi ni Waturukana waliosukumwa kutoka kaskazini na ukame na wizi wa mifugo, wakaja kuishi kwa kuuza mkaa, kuokota vyuma vikuukuu na kufanya vibarua katika mashamba ya mahindi. Wamo pia watu wa makabila mengine ambao Kitale iliwaita kwa ahadi ya kazi kisha ikasahau kuwa iliwaita. Nyumba ya Babu iko ukingoni mwa mtaa, mahali ambapo mabanda yanaishia na vishamba vinaanza. Ni ya mbao na mabati, vyumba vitatu, na mwembe usiozaa.

Babu ni Mbukusu. Kwao ni Bungoma, na kwa kawaida ya wenzake mwalimu akistaafu hurudi kwenye ardhi ya baba yake, akafuga ng'ombe wawili na kugombana na majirani kuhusu mipaka. Yeye hakurudi. Alistaafu mwishoni mwa mwaka wa 2001, akiwa na umri wa miaka 55, baada ya kufundisha katika shule za msingi za Trans Nzoia kwa zaidi ya miongo mitatu. Alipopata kiinua mgongo chake alinunua kiploti hiki, akasema kwamba hawezi kuanza kujifunza majina ya watu upya. Watu wa hapa aliwajua, kwa sababu nusu yao aliwafundisha kuandika. Mwaka wa 2009 serikali ilipopandisha umri wa kustaafu wa watumishi wa umma kutoka miaka 55 hadi 60, Babu alikaa kimya kutwa nzima, kisha akatangaza wakati wa chakula kwamba, kumbe, aliondolewa kazini akiwa kijana.

Hapa naomba ruhusa nitoke kidogo nje ya njia, kwa kuwa jarida hili ni la watu wa lugha. Neno kustaafu limetujia kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni kuomba kuondolewa katika wajibu, kuomba radhi usiendelee. Shina lake ndilo lililotupa neno afu, yaani kusamehe, na ndilo lililotupa neno afya. Kwa hiyo kustaafu na afya ni ndugu wa tumbo moja, ingawa sijui ni wastaafu wangapi wanaoweza kuapa kwamba ndugu hao wanaelewana. Kiinua mgongo nacho ni Kiswahili kitupu: umeinama miaka yote hiyo, chukua kitu hiki unyooshe mgongo. Nilimweleza Babu haya nikidhani nitamfurahisha. Aliniuliza tu: "Na Nyanya yako je, atanyoosha lini?"

Kwa hakika Nyanya hajastaafu. Hakuajiriwa na mtu, kwa hivyo hakuna aliyemwandikia barua ya kumshukuru kwa utumishi wake. Kwa kuwa ametimiza miaka sabini na hana pensheni, hupata shilingi 2,000 kila mwezi za mpango wa Inua Jamii, ambao tangu mwaka wa 2018 umewafikia wazee wa umri huo. Fedha hizo huingia moja kwa moja katika unga na mafuta ya taa. Saa kumi na moja alfajiri huwa ameamka. Usiku ndiye wa mwisho kulala. Nilipomwambia kwamba naandika juu ya maisha ya wazee alicheka, akasema: "Mume wangu," (ndivyo anavyoniita kwa utani) "basi andika upesi, nina vyombo vya kuosha."

Siku ya Babu ilikuwa na vipindi kama siku ya shule. Kipindi cha kwanza kilikuwa mvua. Nyuma ya nyumba kuna kipimamvua alichokitengeneza mwenyewe kwa mkebe wenye kuta zilizosimama wima, ili kina cha maji kiwe ndicho kiasi cha mvua, na saa moja asubuhi kila siku hukiendea na rula kana kwamba anakwenda kukagua kucha za wanafunzi. Kipindi cha pili ni taarifa ya habari, kisha chai. Cha tatu ni safari ya kwenda kwa fundi viatu, umbali usiozidi mita mia mbili, lakini huchukua saa nzima kwa sababu ya salamu. Waturukana huwasalimu kwa "ejok", na wao humjibu kwa "shikamoo mwalimu". Kila mmoja hujitahidi kwa lugha ya mwenzake. Watoto wanaosema "hiyo kitu" husimamishwa njiani mpaka waseme "hicho kitu". Kwa fundi viatu huwa pana gazeti la jana na ubao wa drafti wenye kete za vifuniko vya soda. Babu husoma gazeti akiwa na kalamu nyekundu mkononi, akitafuta makosa ya upatanisho wa kisarufi, na siku asiyoyapata hurudi nyumbani amenuna.

Alasiri ni ya ukarabati: mpini wa jembe, bawaba ya mlango, mguu wa kiti. Jioni, baada ya taarifa ya habari, ni daftari.

Daftari hizo nazijua tangu utotoni, lakini sikuwahi kuzisoma. Ya kwanza inaanza Januari 2002, na tangu hapo kila mwaka una lake. Kila siku ina mistari miwili au mitatu, kwa mwandiko wa ubaoni. Mvua milimita kumi na nne. Mkaa debe limepanda. Nyanya hakuzungumza nami mpaka adhuhuri, sababu sijaijua. Mtoto wa fundi amefaulu mtihani. Nimeshindwa drafti mara tatu. Hakuna petu lolote la hekima. Ukitafuta humo mawaidha ya mzee kwa vijana utarudi mikono mitupu, na mimi nilirudi hivyo mwanzoni, nikaona kwamba nyaraka hizo hazina faida kwa tasnifu yangu.

Majirani ndio waliozijua faida zake. Trans Nzoia ni nchi ya mahindi. Mbegu chotara ya kwanza ya Kenya, ile iitwayo 611, ilitolewa hapa Kitale mwaka wa 1964, na mpaka leo hata mwenye kishamba cha hatua ishirini hujiuliza mwezi Machi kama mvua iliyoanza ni ya kweli au ya kumhadaa. Watu walikuja kwa Babu kuuliza. Hakuwaambia wapande au wasipande. Aliwasomea tarakimu za mwaka huu, za mwaka jana na za miaka kumi iliyopita, akafunga daftari. "Mimi nasema mvua iliyonyesha," aliwaambia. "Itakayonyesha mkaulize kanisani."

Mwezi Machi 2024 nilikuwa nimekwama katika sura yangu, nikachukua daftari la mwaka huo kuyapumzisha macho. Tarehe 5 aliandika: Nimetengeneza mguu wa kiti cha jikoni. Tarehe 6 aliandika vivyo hivyo. Tarehe 8 tena, kwa maneno yale yale, hata nukta mahali pale pale. Kiti hicho nilikuwa nimekikalia. Kilitengenezwa mara moja tu, na niliyekishika wakati akipiga misumari ni mimi. Nikarudi nyuma. Tarehe 19 Februari ilikuwa na milimita kumi na moja za mvua, ilhali wiki hiyo jua lilikuwa limetuchoma hadi mwembe ukajikunja majani. Kipimamvua kilikuwa kikavu. Alikuwa amenakili tarakimu kutoka ukurasa wa mwaka uliotangulia, nadhani kwa kuufungua akifikiri ni wa siku hiyo.

Mwalimu aliyekuwa akimrudisha mwanafunzi kuandika upya sentensi nzima kwa sababu ya herufi moja, alikuwa na makosa ya aina hii katika kurasa tatu mfululizo, wala hakuyaona.

Usiku huo nilichukua kifutio. Nilijiambia kwamba nafanya hivyo kwa ajili ya majirani, kwa kuwa mvua ya uongo katika daftari la mvua inaweza kumtia mtu hasara. Huo ulikuwa ukweli, lakini haukuwa wote. Ukweli mwingine ni kwamba sikutaka ukurasa ule uwepo. Nyanya alinikuta mezani, akatazama daftari, akatazama kifutio.

"Usimfutie mwalimu kazi yake," akasema.

"Nyanya, unajua?"

"Tangu mwaka juzi."

Kisha akanieleza, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya sukari. Kila asubuhi humwambia Babu siku ya wiki bila kumwambia: "Leo Alhamisi, yule wa maziwa atachelewa." Funguo alizitungika mahali pamoja, hazihami. Hubadilisha maji ya chai mapema kabla Babu hajauliza kama amekunywa. Nilikuwa nimekaa katika nyumba hiyo miezi miwili, nikifanya utafiti wa wazee, na yote hayo nikayaona kuwa mazungumzo ya kawaida ya wazee wawili.

Kilichotokea mwezi wa Mei kilituondolea siri. Wasomaji watakumbuka mafuriko ya mwaka huo: shule zilizopangiwa kufunguliwa Aprili 29 ziliahirishwa, hatimaye zikafunguliwa Jumatatu, Mei 13. Redio iliitaja tarehe hiyo tena na tena. Asubuhi ya siku hiyo Babu alivaa koti lake la kijivu, akaweka kipande cha chaki mfukoni, akatoka. Sisi tulidhani amekwenda kwa fundi viatu. Saa nne fundi akatuma mtoto kuuliza kama mwalimu anaumwa.

Sitaki kueleza saa tatu zilizofuata. Nilimtafuta sokoni, stendi ya matatu na katika shule aliyofundisha mwisho, ambako mlinzi kijana alinitazama kwa mashaka alipoona natokwa na machozi nikiuliza kuhusu mwalimu aliyestaafu kabla ya yeye kuanza kutembea. Aliyemwona ni mama mmoja Mturukana auzaye mkaa mtaani kwetu. Alimkuta kando ya barabara kuu, amesimama wima, akiangalia saa. Hakumshika mkono. Alimwambia: "Mwalimu, nina gunia zito na sina wa kunisaidia kuhesabu chenji. Twende pamoja." Wakarudi polepole, Babu akihesabu chenji ya kila mteja njia nzima. Walipofika kwetu yule mama alitua gunia, akamwambia Nyanya: "Mwalimu amenisaidia sana leo." Zaidi ya hapo hakusema kitu, na mpaka leo nikimsalimu hatutaji siku ile.

Nimesoma nadharia za uhakiki kwa miaka sita sasa. Sijui kama ninaweza kutunga sentensi moja yenye adabu kama ile ya gunia.

Babu mwenyewe alielewa kilichotokea. Hilo ndilo lililoniuma kupita yote. Jioni alikaa na daftari wazi mbele yake, kalamu mkononi, kwa muda mrefu. Mwishowe akaniuliza: "Leo nimefanya nini?" Nikamweleza, sikumficha. Akasikiliza kama anayesikiliza hesabu ya mwanafunzi. Akaandika: Nimekwenda shule, nikasahau kuwa nimestaafu. Chini yake akaongeza neno moja ambalo halikuwahi kuwapo katika miaka ishirini na miwili ya daftari hizo: Nimeambiwa.

Tulimpeleka kwa daktari. Alituambia kwamba dawa ya kuyarudisha yaliyokwisha kupotea haipo, ila ratiba isiyobadilika, mazungumzo na kazi za mikono humsaidia mgonjwa kusimama kwa muda. Nyanya alitikisa kichwa tu. Alikuwa ameanza matibabu hayo miaka miwili kabla ya daktari.

Tangu siku hiyo daftari likawa na aina mbili za habari. Alizozikumbuka mwenyewe alizifunga kwa neno nimeona. Zile nilizomsimulia mimi au Nyanya alizifunga kwa neno nimeambiwa. Kila jioni nilikaa naye nikamtajia siku: nani alipita, nani alishinda drafti, mkebe ulikuwa na milimita ngapi. Kipimo cha mvua tulikifanya wawili, yeye akishika rula, mimi nikisoma. Mara nyingine nilipomsimulia alinikatiza: "La, hilo naliona mwenyewe," na furaha yake ilikuwa ya mtoto aliyepata alama. Majirani waliokuja kuuliza mvua aliwaambia waziwazi ni tarakimu zipi za kuamini na zipi za kutilia shaka, na yeye mwenyewe, kwa kalamu ile nyekundu, alizitia alama za mwezi Februari. Kumbe kifutio changu kilikuwa matusi.

Agosti tulikwenda Bungoma, maana mwaka wa shufwa ndio mwaka wa tohara kwa Wabukusu, na binamu yangu mdogo alikuwa miongoni mwa vijana. Ndani ya matatu Babu aliitaja kila stendi kabla hatujaifika: Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Webuye. Nyumbani alikaa na ndugu zake, akatamka majina ya wazee wa ukoo kizazi baada ya kizazi bila kukwama, hata waliokuwa wakimnong'onea kumsaidia wakanyamaza. Usiku huo huo aliniuliza mara mbili nyumba ile ni ya nani.

Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka wa 1909, aliipa sehemu ya pili ya tawasifu yake jina *Baada ya Miaka Hamsini*, naye akafariki mwaka wa 1962. Zamani sikulifikiria jina hilo. Hayo maisha ya baada ya hamsini hayakufika hata miaka minne. Babu ameishi zaidi ya miaka ishirini nje ya kazi, na miaka hiyo haina tukio ambalo mtunzi wa riwaya angesimamisha msafara kwa ajili yake. Nilipomrudia msimamizi wangu sikuwa na nadharia mpya. Nilikuwa na orodha ya mambo ambayo wazee wa riwaya zetu hawafanyi: hawapimi mvua, hawashindwi drafti, wala wake zao hawawatajii siku ya wiki. Alisoma, akaniambia hiyo ni sura ya kwanza, si ya pili, na niandike upya kuanzia mwanzo.

Nilirudi Kipsongo mwezi wa Novemba, usiku, bila kupiga simu. Mahindi yalikuwa yameanikwa uani juu ya maturubai, Nyanya akiyafunika kwa sababu ya umande. Babu alikuwa keshalala. Daftari lilikuwa mezani, na kwa kuwa sikuwepo wiki mbili nilitarajia kurasa tupu au kurasa za nimeambiwa, kwa sauti ya Nyanya. Nyingi zilikuwa hivyo. Nikamsaidia Nyanya kufunika mahindi, nami nikalala.

Asubuhi nilimkuta nyuma ya nyumba akiwa ameinama juu ya mkebe na rula yake. Mkebe ulikuwa mkavu. Aliniangalia kwa muda, nikaogopa. Kisha akaniuliza kama nimekunywa chai, akaingia ndani bila kusubiri jioni, akafungua daftari na kuandika, akisoma kila neno kwa sauti kama imla ya darasa la tatu: "Mvua hakuna. Mjukuu amerudi. Nimeona."